Gololi Tatu Kushoto mwa Kisiki

Nyandwi mwanangu,

Wewe na mama yako mmetoka saa nne kwenda Heru Juu kumuaga bibi yako, na kwa jinsi bibi yako anavyoaga watu, hamtarudi kabla ya jioni. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba na daftari lako la fizikia la kidato cha tano, naandika kwenye kurasa ulizoacha wazi. Kesho asubuhi basi la Dodoma litapita hapa Makere na utalipanda. Habari za sabuni, shuka, simu na nani wa kukaa naye kwenye siti mama yako ameshazisema mara tatu, na mimi sina cha kuongeza. Nina jambo moja tu. Nikikuambia uso kwa uso nitaligeuza mzaha kama kawaida yangu, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Mwaka jana wakati kama huu ulitakiwa uwe umeshakwenda. Ulibaki kwa sababu nilikosa shabaha mara nne, ukaamini macho ya baba yako yamekwisha na shamba litaliwa na nyani. Nataka uondoke ukiwa umesikia kutoka kwangu mwenyewe jinsi nilivyokosa. Naogopa utakavyonitazama ukishasoma, na hilo sikufichi. Lakini hofu hiyo nimeishi nayo mwaka mzima na imenichosha.

Vumilia nianzie mbali kidogo, maana kosa langu halieleweki bila habari ya gololi zenyewe, zile risasi za mviringo za gobore.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoiona risasi ikiyeyuka mara ya kwanza. Babu yako alikuwa na gobore lake, lilelile nililolirithi mimi, lenye namba na kibali, la kulindia mihogo na mahindi, na gololi zake alizimimina mwenyewe hapa nyuma ya nyumba, upepo ukimpiga mgongoni ili asivute moshi. Risasi ni madini yasiyo na sura. Ni ya kijivu, nzito, chafu, ukiishika inakuachia weusi mkononi. Aliweka vipande kwenye sufuria juu ya mkaa na nikangoja ichemke kama maji. Haikuchemka. Ililegea tu ghafla, bila sauti, ikawa kioo, na ndani ya kioo kile nikaona mawingu. Alipokwangua uchafu wa juu kwa kijiko, ikapita rangi ya dhahabu, kisha zambarau, kisha bluu, zikafutika. Sasa nina miaka hamsini na minane na nimeyeyusha risasi mara nyingi kuliko nilivyonyoa ndevu, lakini rangi zile zikipita bado nasahau nilichokuwa nataka kusema.

Kusema kwenyewe kulikuwa marufuku. Unaikumbuka sheria ya nyumba hii, kwamba tangu gololi ya kwanza imiminwe mpaka ya mwisho hakuna mtu kufungua mdomo. Babu yako alituambia gololi ina masikio, ikisikia maneno inaharibika. Kaka yangu alipiga chafya siku moja akafukuzwa hadi barabarani. Tuliamini kabisa. Mimi niliamini mpaka wewe uliponitoa ujinga, na nitafika huko.

Babu yako alipofariki nilikuwa na miaka ishirini na sita na mdomo mkubwa. Nikaona mambo yake ya kizamani. Kule Kasulu mjini kwa fundi tairi nikapata vile vipande vya risasi wanavyobana kwenye rimu za magari, kopo zima, nikarudi nikitamba kijijini kwamba nimepata risasi ya kisasa. Sikujua kwamba wameichanganya na vitu vingine ili iwe ngumu. Gobore linataka gololi laini, inayokubali kukaa ndani ya kitambaa chake cha mafuta ya mawese na kushika njia kwenye mtutu. Zangu zilikuwa ngumu na nyepesi, na kila moja ilitoka na safari yake. Ya tatu ilipita juu ya shamba, ikavuka barabara, ikatoboa bati la choo cha jirani yetu Ndayizeye.

Wakati ule haikuwa imepita miaka mingi tangu Ndayizeye na wazazi wake waje kutoka Burundi, na hatukuwa tumezoeana. Alikuja taratibu, akasimama pale kwenye uzio.

"Yewe jirani," akasema, "choo changu kimekukosea nini?"

Watu walicheka siku tatu, na mimi nilicheka nao kwa sauti kuliko wote. Kilichonikuta baadaye sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mama yako. Nilikwenda kulitazama lile tundu kwenye bati, nikasimama mbele yake, likanifika usawa wa kifua. Mke wa Ndayizeye alikuwa ametoka humo muda mfupi tu kabla. Kwa mwezi mzima sikuligusa gobore. Tangu hapo silengi kitu chenye uwazi nyuma yake, na nyie wote nimewalea hivyo, lazima kuwe na udongo wa kuipokea.

Risasi safi nilikuja kuipata kwa Mkongomani mmoja sokoni Nyarugusu, aliyekuwa mvuvi kwao kabla ya vita. Aliniona nikigeuzageuza bonge lake na uso wa mtu aliyewahi kuibiwa. Akacheka, akachukua kidole changu mwenyewe na kukandamiza ukucha kwenye lile bonge. Ukucha uliacha alama.

"Papa, hii iko ya kuzamisha nyavu ya ziwa," akaniambia. "Haina melanje, haijachanganywa."

Miaka yote niliyotafuta jibu, jibu lilikuwa kwenye ncha ya kidole changu. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikiwa na furaha na aibu kwa kiasi kilekile.

Sasa wewe. Ulikuwa kidato cha pili. Tulikuwa katikati ya kumimina, mimi na kijiko, wewe ukifungua kalibu, kile chuma kinachoipa risasi umbo, na kudondosha gololi kwenye kitambaa, ukaniita baba kwa lugha yetu ya nyumbani, ukauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Data, kwa nini hatusemi?"

Nilisimama na kijiko hewani. Nilitaka kukukemea, nikakumbuka kwamba kukemea nako ni kusema. Nilipomimina gololi iliyofuata ikatoka na makunyanzi kama punje ya pilipili manga. Nikakuonyesha kwa hasira kwamba unaona, imesikia. Wewe uliichukua, ukaitazama muda mrefu, na hukubisha. Jumamosi iliyofuata uliomba tumimine ishirini kwa ukimya na ishirini tukiongea, lakini tukiongea bila mikono kusimama hata kidogo. Nilikubali ili nikuaibishe. Zote arobaini zilitoka laini. Kisha ukaniambia nikae kimya lakini nisubiri kidogo kati ya gololi na gololi. Zikatoka na makunyanzi, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Kalibu inapoa, data. Mtu akiongea anasimamisha mikono, kalibu inapoa. Babu alikuwa sahihi ila sababu yake ndiyo haikuwa hiyo."

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Babu yako aliona jambo la kweli bila kujua kwa nini ni kweli, mimi nikalirithi bila kuuliza, na mtoto wa shule mwenye viatu vilivyopasuka akalifungua kwa Jumamosi mbili. Sijui kama unajua mzazi anavyojisikia akiona hivyo. Nilipata hofu nzuri, kama ile ya kusimama kanisani peke yako.

Halafu ukatengeneza mizani. Spoku ya baiskeli yangu, vizibo viwili vya soda, uzi wa kushonea. Kizibo kimoja ukaweka gololi uliyoiita mama, kingine ukaweka nyingine zote, moja baada ya moja. Zilizolingana na mama zikaingia kopo la bluu. Nyepesi, zenye tundu la hewa ndani ambalo jicho halilioni, ukaziweka kopo la maziwa ukaandika kwa mkaa WAGONJWA, zikasubiri kuyeyushwa tena. Mimi nilikuwa nimezipiga za namna hiyo maisha yangu yote na kuzilaumu baruti. Mama yako naye hakusalimika, maana ulitaka kujua kitambaa gani kinaishika gololi vizuri, na kanga yake ya sikukuu ikaondoka pembe. Aliponijia juu nikasema sijui lolote, na huo ni uongo mwingine ambao nadhani nyote wawili mlishautambua.

Siku ulipopiga mwenyewe pale kwenye ubao wa shabaha, mimi nikiwa nimesimama begani kwako, hatua arobaini, ulipiga gololi tatu. Kati ya moja na nyingine ulisafisha mtutu na kupima baruti kwa kile kifuniko cha kalamu, bila kuharakisha, ukishindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma, kwa nguvu ileile kila mara. Nilitembea mpaka kwenye ubao na matundu yote matatu niliyafunika kwa kiganja kimoja. Babu yako, aliyesifiwa mpaka Kibondo, kwa hatua hizo aliridhika akigonga debe. Nilikaa chini pale kwenye majani. Ulidhani nimechoka ukaniletea maji. Nilikuwa najiuliza Mungu aliona nini kwangu mpaka akanipa wewe.

Nimefika kwenye kosa langu.

Ulichaguliwa chuo Dodoma kusomea mizani na vipimo, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hakuna masomo yanayokufaa zaidi. Nilisema kwa mdomo. Ndugu zako sita wameshaondoka kwenye nyumba hii na kila mmoja nilimpungia mkono nikarudi shambani. Wewe ni wa saba na wa mwisho, na nilianza kusikia jinsi nyumba itakavyokuwa. Mwezi wa tisa nyani wakaingia kwenye mihogo. Yule dume wao, unamkumbuka, kila asubuhi alikaa juu ya kile kisiki mbele ya kichuguu akiwalinda wenzake. Kichuguu kilikuwa nyuma yake, kwa hiyo palikuwa mahali salama pa kupiga. Nilipiga, nikakosa. Siku hiyo nilikosa kweli. Nilikuwa nimechota kwenye kopo la wagonjwa kwa haraka. Dume alijikuna, akaendelea kumenya muhogo wangu.

Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ukasema polepole, "Data, umemwona vizuri?"

Ulikuwa na wasiwasi, na mwanangu, nilifurahi kuusikia. Jioni ile hukuitaja Dodoma hata mara moja. Mimi nililala usingizi mzuri.

Mara tatu zilizofuata nilichukua gololi nzima kutoka kopo la bluu, nikashindilia vizuri, nikamlenga dume, kisha nikausogeza mtutu kushoto, kwenye lile doa jeupe lililokuwa kwenye udongo wa kichuguu, shibiri moja na nusu kutoka kwenye kisiki. Nikafyatua kwa utulivu wote niliofundishwa na baba yangu. Kila mara nikashusha gobore, nikasugua macho. Mara ya nne ulinishika bega. Wiki ile ukawaandikia watu wa chuo kwamba utakuja mwaka unaofuata, ukaniambia mimi kwamba ni kwa sababu ya mambo ya mkopo kuchelewa, ili nisijisikie vibaya. Nilikuruhusu unidanganye kwa huruma juu ya uongo wangu. Mihogo ililiwa nusu ya shamba, na hiyo niliiona bei ndogo.

Nilijiambia ni mapenzi. Nilikupenda vibaya mwaka ule, ndivyo ninavyoweza kusema. Nilikuona unawafundisha hesabu watoto wa jirani pale barazani, nikafurahi, na wenzako walipotuma picha wakiwa chuoni nikakuona unaitazama simu muda mrefu kisha unaiweka kifudifudi. Niliona yote mawili na nikachagua kukumbuka lile la kwanza.

Mwezi wa sita, udongo ulipokauka, tukaenda kuchimba risasi kwenye kichuguu kama kila mwaka ili tuiyeyushe upya. Wewe ulikuwa na jembe dogo, mimi na chekecheke. Niliona jembe lako limesimama. Ya kwanza uliikuta chini kabisa, mbali, karibu na mizizi. Tatu nyingine zilikuwa pamoja, zimebandikana kwenye tundu ambalo kikombe kingelitosha. Uliweka kiganja juu ya tundu lile. Kisha ukanyoosha shibiri kutoka pale mpaka kwenye kisiki, ukaongeza nusu. Ulirudi nyumbani ukazipima kwenye spoku, zote nne. Ile ya mbali ilikuwa nyepesi. Tatu zililingana na mama.

Mtu mwenye macho mabovu hutawanya. Anapiga juu, anapiga chini, anapiga asikojua. Gololi tatu nzima zilizokaa pamoja kando ya shabaha ni za mtu anayeona vizuri. Hilo mimi ndiye niliyekufundisha, na nilikuwa nimesimama mlangoni nikikutazama ukilisoma.

"Data, zimekaa pamoja," ukasema.

"Ego," nikajibu. Ndiyo.

Ukazitia kwenye kopo la kuyeyushwa, ukaniuliza kama nitakunywa uji. Miezi minne imepita na hujawahi kulirudia. Hukunisema kwa mama yako, hukuninunia, hukubadilisha hata namna unavyoniamkia. Nimewajua watu wengi wenye nguvu na siogopi kukuambia kwamba sijawahi kuona nguvu kama hiyo. Nimekuwa nikikutazama ukichota maji, ukisuka nywele, nikajiuliza huyu mtu mkubwa namna hii ameingia lini nyumbani kwangu. Lakini kunyamaza kwako hakunipi mimi ruhusa ya kunyamaza. Nisamehe, Nyandwi. Nilikuibia mwaka mmoja, nikauiba kwa kitu ulichokipenda.

Kuna la pili, na hili hulijui.

Tangu mwezi wa nane macho yangu yanaharibika kweli. Nilikwenda peke yangu kwenye ubao, hatua arobaini, nikapiga gololi zako tatu. Moja ilikwenda juu, moja chini, moja sikuiona ilikokwenda. Hospitali wameniambia jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto linaanza. Wamenipa miadi mwezi ujao ya kulisafisha, na wanasema watu wengi huona tena vizuri. Barua hii naiandika nimefumba la kulia. Wiki tatu nimelizungusha kichwani. Nikikuambia utashusha begi, nakujua. Nikikuficha nitakuwa nimekudanganya kuhusu macho yaleyale mara mbili, kwanza kwamba ni mabovu na sasa kwamba ni mazima.

Kwa hiyo nakuambia, na nimefunga njia moja kabla hujaifikiria. Jumatatu niliposema nakwenda Kasulu kutafuta mbegu, gobore lilikuwa ndani ya gunia. Nililipeleka polisi pamoja na kibali chake. Askari kijana alilitazama akasema, "Mzee, mbona bado zima hili?" Nikamwambia ndiyo, lililoharibika ni jicho. Aliandika, nikaweka sahihi, nikanywa chai ya rangi pale stendi mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu baba yangu afe. Sikulia sana. Ndayizeye ana gobore lake na kibali chake, na mbwa wawili, na tumekubaliana atalinda mashamba yote mawili na mimi nitamlimia upande wa maharage. Kitu alichoomba ni lile kopo la bluu. Alisema anataka zile alizomimina binti, za kwangu nibaki nazo.

Nilikuwa nikiamini kwamba wewe ndiye utakayelirithi gobore. Nimelitoa mwenyewe, na sijutii, maana najua lingekuwa sababu nyingine nzuri ya wewe kukaa.

Kesho usianze kunishika bega na kuniuliza kama naona vizuri. Sioni vizuri. Nyani watakuja, mihogo mingine italiwa, mama yako atanishika mkono kunipeleka hospitali na kunisema njia nzima. Hayo yote ni yangu. Hapa nyumbani hakuna tena kazi inayohitaji macho yako. Panda gari.

Baba yako.